Mgongo wa Karatasi

Tarehe 4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima na kwamba mashine yako ya kusomea imeikubali. Nimeichapa kwa herufi za kawaida, bila mapambo, kwa sababu ulimwambia mama kwamba herufi za mapambo zinaifanya iweweseke. Nimeacha nafasi pana kati ya mistari. Kama kuna neno limepotea, nisamehe. Nimeipitia mara tatu.

Sisi hatujambo. Goti la baba limerudi kumsumbua na bado hataki fimbo. Anasema fimbo ni ya wazee, kisha anashikilia kila kiti anachopita. Mama anakusalimu. Anasema hujamrudishia sufuria yake yenye kifuniko cha bluu, na kwamba anajua unasikia. Mimi kazini naendelea. Sasa ni mwaka na miezi minne tangu waniweke masijala. Kila karatasi inayoingia kwenye idara inapita kwangu kwanza. Naipiga muhuri, naisoma, naandika dokezo la mistari mitatu au minne kueleza inasema nini, kisha jalada linapanda kwa Mkuu. Mkuu hana muda wa kusoma barua zenyewe. Anasoma dokezo na kutia sahihi. Kwa hiyo kosa langu moja huwa kosa la idara nzima, na jambo hilo nalifikiria hata nikinywa chai.

Sikutaka kukupigia simu. Ulisema ulikaa miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu ukiwaunganisha watu wadanganyane, na kwamba jambo la maana liandikwe. Basi naandika.

Nina mwenzangu hapa ofisini. Macho yake yanamwishia. Katikati ya kila ukurasa kuna kitu kama tone la mafuta, na tone hilo linakua. Mlango anauona, watu anawaona, ila hajui nani ni nani mpaka mtu aseme. Daktari amemwambia hakuna miwani itakayosaidia. Hajamwambia mtu mwingine. Ana kompyuta ya ofisi, na ipo mashine ya kunakilia ambayo pia ni skana. Anauliza kama kuna programu ya kusoma karatasi kwa sauti ambayo si ghali. Ameona moja ikitangazwa, bei yake inazidi ya kompyuta yenyewe. Anauliza pia kama inaweza kusoma kwa sauti ndogo, sikioni tu, mtu wa meza ya pili asisikie.

Usimwambie baba kuhusu huyo mwenzangu. Hamjui, lakini hata hivyo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Kitinda


Tarehe 19 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba, na salamu zote nimezipata. Mashine yangu imekusoma bila taabu. Ilipofika kwenye sufuria ikasita kidogo, nadhani iliona aibu kwa niaba yangu. Mwambie mama yako sufuria ipo, inamkumbuka, lakini imezoea hapa. Na baba yako mwambie hivi: dada yako anatembea na fimbo tangu ana miaka ishirini na saba, na hakuna aliyewahi kumwita mzee usoni akabaki salama.

Mimi sijambo. Paa limeacha kuvuja tangu mvua iache kunyesha. Jirani yangu wa cherehani anakusalimu. Yeye ndiye jicho langu la kuazima. Jicho lake zuri na mdomo wake mzuri zaidi, kwa hiyo akinisomea jambo asubuhi, jioni mtaa mzima unanipa pole.

Sasa huyo mwenzako. Mwambie asinunue kitu kabla hajanisikiliza. Mimi nilinunua. Muuzaji alikuja na viatu vinavyolia, akanisikilizisha sauti ya mwanamke anayesoma kama yuko redioni, nikalainika. Ilifanya kazi siku thelathini. Ya thelathini na moja ikanyamaza katikati ya sentensi na kutaka nilipie tena. Ndipo nikajua ambacho wauzaji hawasemi: wanachokuuzia kama kitu kimoja ni vitu viwili. Cha kwanza kinageuza picha ya karatasi kuwa maandishi. Cha pili kinayasoma maandishi hayo kwa sauti. Na vyote viwili vinapatikana bure, kila kimoja mahali pake, vimetengenezwa na watu wanaojitolea, wengine wao hawaoni kama mimi. Havina urembo. Unavifunga mwenyewe, unavizoea, mwisho vinakuzoea.

Tena mashine nyingi za kunakilia huja na programu ya kugeuza picha kuwa maandishi ndani ya boksi, na watu huitupa pamoja na plastiki. Aanzie hapo. Akiikosa, hata simu ya mkononi inafaa: aiweke juu ya rundo la vitabu ikitazama chini, kitambaa cheusi chini ya karatasi, dirisha liwe ubavuni mwake wala si mgongoni, maana kivuli chake mwenyewe kitakula mistari. Karatasi ikae sawa. Ikilala upande, atasomewa lugha ya majini. Na kabla ya yote aichague lugha ya Kiswahili kwenye orodha, asije kunilaumu mimi.

La mwisho ndilo kubwa, Kitinda. Mashine haisomi mwandiko wa mkono. Ya bure haisomi, na ya ghali inabahatisha. Wala haitasema "hapa nimeshindwa". Itapita kimya, kama mtu anayempita jirani waliyegombana naye. Kwa hiyo kila karatasi, kabla ya kuiweka kando, aigeuze na kupitisha kidole mgongoni mwake. Kalamu hubonyeza, huacha vimtaro upande wa pili. Mashine ya kuchapa haiachi kitu. Akihisi vimtaro, ajue kuna mtu amesema jambo ambalo sauti haikulisikia, atafute jicho la kuazima.

Barua yako, kwa mfano, mgongo wake laini kama shavu. Hata sahihi hukutia. Zamani sahihi yako ilikuwa na mkia mrefu, nikiufuata kwa kidole mpaka ukingoni mwa karatasi.

Mwambie pia amweleze mkubwa wake, mapema.

Barua hii nimeichapa kwa herufi kubwa. Nilikuwa na karatasi nyingi.

Shangazi yako


Tarehe 21 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Baba amekubali fimbo, ila anaibeba kwapani. Mama anasema sufuria ameisamehe, kifuniko hapana. Dada amejifungua salama, mtoto wa kike, mnene, na kila anayempakata anasema anafanana na mama yake.

Barua yako ilikuja na herufi kubwa. Asante.

Mwenzangu amefanya kama ulivyosema. Diski ya programu aliikuta kwenye droo ya chini, bado imo kwenye karatasi yake, haijafunguliwa tangu mashine inunuliwe. Ile ya kusoma kwa sauti aliipakua bure mchana, wengine walipokwenda kula. Siku ya kwanza ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana na kamusi mfukoni. Mwenzangu alicheka peke yake, ikabidi ajifanye anakohoa. Alipobadilisha lugha ikatulia. Sasa anafika kabla ya watu, anapiga skana barua zote za kwenye trei, anavaa hedifoni sikio moja, la upande wa ukutani, na nywele zinaifunika. Dada wa mapokezi alimuuliza:

"Wewe siku hizi ni muziki tu?"

"Nyimbo za zamani."

"Basi niazime sikio moja."

"Utalala, dada."

Sauti ni ya mwanamume, kavu, na ikifika kwenye tarehe huteremka kidogo kama mtu anayeshuka ngazi. Ukiizoea unaipenda. Wiki iliyopita Mkuu alipiga simu masijala na kusema, "Madokezo ya siku hizi yamenyooka. Endelea hivyo hivyo." Mwenzangu alikwenda chooni akasimama huko dakika tano bila kufanya lolote.

Jambo la kupitisha kidole hawezi. Masijala ni chumba cha vioo, na waliopo mapokezi wanaona kila kitu. Mtu anayepapasa karatasi, watajua siku hiyo hiyo. Tena barua za sasa karibu zote huchapwa. Anazitazama kwa pembe ya jicho, na wino wa bluu akiulenga vizuri huwa anauona.

Kumweleza mkubwa pia hawezi. Kuthibitishwa kazini ni mwezi wa saba. Kabla ya hapo anaweza kuachishwa kwa barua ya mistari miwili, na yeye anajua, kwa sababu barua kama hizo zinapita mezani kwake. Nani atamthibitisha karani wa kusoma asiyeona? Akishathibitishwa atasema.

Anauliza: wewe ulisema lini kazini, kabla hawajakupeleka kwenye simu? Na walikujibuje?

Kitinda


Tarehe 2 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa mtoto. Mwambie dada yako asimzoeze kubebwa. Hapa mvua zimerudi na paa nalo limekumbuka kazi yake. Nimeweka ile sufuria chini ya tundu, kwa hiyo mama yako aelewe kwamba sasa hivi haiwezi kusafiri.

Huyo mwenzako akikutana na barua zenye safu mbili, kama magazeti, aiambie programu isome safu moja moja. Bila hivyo itavuka kutoka safu hii kwenda ile, na atajikuta mazishi yameingia kwenye tangazo la harusi. Kwa karatasi zenye muhuri mzito katikati, aipige skana mara mbili, ya pili akipunguza giza. Kwa faksi za zamani asijisumbue.

Kuhusu kidole nimekuelewa. Lakini ni afadhali kuonekana unapapasa karatasi kuliko karatasi kukupapasa wewe. Aende nazo stoo. Aende nazo chooni. Azigeuze akijifanya anapiga chafya, vyovyote vile. Asiache.

Sitamuuliza huyo mwenzako jina. Nitasema tu kwamba mtu hawezi kunisimulia jinsi sauti inavyoshuka ngazi kwenye sikio la mwenzake. Ukimwona, mwambie shangazi yake anampenda, na mlango uko wazi, na sufuria ipo.

Jirani ameniita, nyuzi zake zimechanganyika rangi na anataka nimsaidie kwa kunusa, eti wekundu una harufu. Tunaishi hivyo.

Shangazi yako


Tarehe 17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hii naiandika kwa mkono, kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, maana nyembamba siioni tena. Kompyuta ya ofisi naiogopa. Najua mama wa cherehani ndiye atakayekusomea. Mama, shikamoo na wewe. Nakuomba usimwambie mtu.

Nyumbani wote wazima.

Idara ina fundi bomba anayeitwa Mzee Koki. Hata kwenye orodha ya likizo wameandika hivyo. Ana miaka ishirini na miwili kazini. Kila asubuhi akipita masijala hugonga kioo kwa spana na kuniuliza, "Karani, dunia inavuja wapi leo?" Mwanzoni mwa Aprili aligombana na msimamizi wake, akaenda mjini akachapisha barua ya kuomba kustaafu mapema, akaiweka kwenye trei ya mapokezi. Mchana hasira zikaisha. Akarudi saa ya kula, hakukuwa na mtu, akaiona barua yake bado iko juu. Akachukua kalamu ya mapokezi, ile iliyofungwa kamba, akaandika pembeni: "Naomba barua hii isishughulikiwe. Nimebadili nia. Nisameheni." Akairudisha akaenda kazini akiamini yamekwisha. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona haya.

Barua ilisomwa na mwenzangu. Aliandika dokezo: "Anaomba kustaafu mapema. Hakuna maelezo ya ziada." Mkuu akakubali. Mei tarehe sita Mzee Koki akapewa barua ya kuagwa.

Alikuja mpaka mezani. Hakugonga kioo. Akasema, "Binti, ulisoma barua yangu?"

Mwenzangu akajibu, "Nilisoma yote."

Shangazi, nimechoka kuandika "mwenzangu". Ni mimi. Nilisema nilisoma yote. Alipoondoka nilitoa jalada, nikaenda nalo stoo, nikaigeuza karatasi, nikapitisha kidole. Vimtaro vilikuwepo, virefu, mistari mitatu. Alikuwa amebonyeza sana. Hata mtoto angevihisi.

Mzee amelalamika kwa Mkuu, na Mkuu amelitazama jalada. Anasema maneno ya pembeni yaliandikwa baadaye, kwamba Mzee Koki aliingia masijala kwa mlango wa nyuma na kuyaongeza. Anasema, "Karani angeyaona." Sasa si kustaafu tena, ni kughushi, na akitiwa hatiani anaondoka bila chochote, hata cheti cha utumishi. Kikao ni tarehe kumi Juni. Nimeitwa kama shahidi. Ninachotakiwa kusema ni kwamba maneno hayakuwepo.

Wiki tatu zikipita baada ya hapo, nathibitishwa.

Nilikuuliza wewe ulisema lini. Hukunijibu.


Tarehe 29 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba. Nimechelewa siku nyingi na sina wa kumsingizia. Nimeichapa barua hii mara tatu na mara mbili nimeifuta.

Jirani alianza kulia kabla hajafika katikati, kwa hiyo nilijua habari ni mbaya kabla sijaisikia. Nilimwambia, mama, lia baadaye, soma kwanza. Hajamwambia mtu. Hii ni siku ya tano, na anaumwa kabisa kwa kunyamaza, amejifunga kitambaa kichwani.

Sasa nijibu ulichouliza. Sikusema.

Kabla ya ubao wa simu nilikuwa mpiga chapa. Hilo unalijua. Tulikuwa wawili, meza zikitazamana. Mwenzangu huyo, yeye alikuwepo kweli, si kama wako. Alikuwa mwembamba, anacheka akiwa ameziba mdomo, na kila siku saa nne asubuhi alinimegea nusu ya andazi lake bila kuniuliza kama nataka. Macho yangu yalipoanza, nilichapa kwa mazoea ya vidole. Makosa yakaingia. Namba za barua zikageuka, mistari ikarukwa. Kazi zetu zilikuwa zikiwekwa kwenye kikapu kimoja, na msimamizi hakujua ipi ya nani. Siku moja akauliza, "Nani kachapa hii?" Nikakaa kimya. Mwenzangu alinitazama. Sikuuona uso wake, lakini mtu akikutazama unajua. Naye akakaa kimya, nadhani alikuwa ananisubiri mimi. Msimamizi akaamua ni yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa akicheka kazini.

Alikusanya vitu vyake mchana. Nilisikia droo ikifunguliwa, ikafungwa. Akaacha nusu ya andazi mezani kwangu. Sijui alikwenda wapi. Nimeuliza miaka mingi.

Nilinyamaza ili niokoe kiti. Kiti chenyewe kilinikalisha miezi miwili. Nilijikwaa kwenye ngazi mbele ya mkurugenzi, yakaisha. Kumbe waliponijua hawakunifukuza, walinipeleka kwenye simu. Labda wangenipeleka huko huko miezi miwili kabla, naye angebaki. Hilo "labda" ndilo ninalolala nalo. Baba yako hajui. Hakuna anayejua, ila sasa anajua jirani, kwa sababu nilimsomea barua hii ili nisiifute mara ya tatu.

Sikwambii useme. Kazi ni yako, na mimi sitakuwepo chumbani humo. Nakwambia tu nilivyokaa baada ya kunyamaza.

Ila jambo moja la kiufundi, maana ndilo ninalolijua. Hizo hedifoni zako zina waya au hazina, vyovyote, zinachomoka.

Shangazi yako


Tarehe 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Msalimie mama wa cherehani, mwambie afungue kitambaa, anaruhusiwa kusema sasa. Baba ameanza kutembelea fimbo. Nitaeleza kwa nini.

Kikao kilikuwa chumbani kwa Mkuu, saa tatu. Mzee Koki alikuja na suti. Sikujua kwa kuona, nilijua kwa harufu ya dawa ya nondo ya kabatini. Dada wa mapokezi alikuwa anaandika kumbukumbu. Mikono yangu niliikalia.

Mkuu akasema, "Mzee, karani wetu ameandika hapa: hakuna maelezo ya ziada. Binti huyu hakosei."

"Mimi sisemi amekosea. Nasema niliandika."

"Lini?"

"Siku ile ile. Kwa kalamu yenu mliyoifunga kamba kama mbuzi."

Dada wa mapokezi akacheka, akajizuia.

Nikasema, "Mkuu, nimekosea mimi." Sauti yangu ilitoka ndogo, ikabidi niirudie.

Mkuu alilivuta jalada karibu. Kisha akasema, kwa upole, "Siku hiyo ulikuwa na kazi nyingi. Labda ulikuwa na haraka?"

Shangazi, alinifungulia mlango. Ningesema ndiyo, ningekemewa kidogo, na mwezi wa saba ungefika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nikafikiria kwamba kama ni haraka tu, bado atasema, basi huna hakika kama hayakuwepo, na Mzee angebaki kunyooshewa kidole maisha yake yote. Ushahidi pekee dhidi yake ulikuwa macho yangu.

Nikasema, "Sikuwa na haraka. Sioni kusoma. Tangu mwaka jana."

Nikaomba ile barua na nikaomba twende masijala. Niliiweka kwenye skana mbele yao, nikabonyeza, halafu nikachomoa hedifoni. Hawakuwahi kuisikia. Ile sauti kavu ikajaa chumba kizima. Ikasoma anwani. Ikashuka ngazi kwenye tarehe. Ikasoma "napenda kuomba kustaafu mapema", ikasoma "kwa heshima na taadhima", ikasoma jina lake lote ambalo hakuna aliyelijua, ikasoma muhuri wangu wa kupokelewa. Halafu ikasema, "Mwisho wa ukurasa."

Mzee Koki akauliza, "Na mimi nilipoandika?"

Nikamwambia, "Hapo haisomi kabisa, Mzee. Inapita." Nikaigeuza karatasi, nikakiweka kidole chake huko mgongoni, juu ya vimtaro. Akakaa navyo muda. Akasema, "Kumbe nilikuwa na hasira hata nilipokuwa nikiomba msamaha."

Mkuu aliivuta karatasi akapitisha kidole na yeye. Akasema wote watoke nibaki mimi. Nikajua yamefika.

Alikaa kwenye kiti changu. Akaniuliza macho yamefika wapi, nikamwambia. Akaniuliza kwa nini sikusema, nikamwambia kuhusu barua za mistari miwili. Akasema ameudhika, na ameudhika kweli, kwa sababu ametia sahihi mamia ya vitu kwa kuniamini. Madokezo yote tangu mwaka jana lazima yapitiwe upya na mtu mwingine. Nisiandike dokezo mpaka daktari wa idara anione. Kuhusu kuthibitishwa hakuahidi neno, na sikuuliza. Ninaweza kubaki, ninaweza kuondoka, Shangazi. Sijui. Kwa sasa napiga mihuri na kupokea simu za masijala, na nimeambiwa sauti yangu ni nzuri, jambo ambalo limenichekesha kwa sababu yako.

Alipofika mlangoni akarudi. Akauliza, "Hiyo programu ni bei gani?" Nikasema ni bure, zote mbili. Akasema, "Niandikie majina yake. Mama yangu aliacha kusoma miaka minne iliyopita, na tulidhani amechoka tu."

Mzee Koki amerudi kazini. Jumatano alipita, akagonga kioo kwa spana. "Karani, dunia inavuja wapi leo?" Nikamwonyesha macho yangu. Akasema, "Hapo sina koki," akaenda zake. Jioni dada wa mapokezi akanifuata. Kumbe ameweka trei mbili, moja ya zilizochapwa, moja ya zilizoguswa na kalamu. Za pili tunazisoma pamoja saa nne, yeye anasoma, mimi nachapa muhtasari, dokezo anatia sahihi yeye, Mkuu anajua. Akasema, "Kwa hiyo hukuwa na wimbo hata mmoja?" Nikamwambia hata mmoja. Akasema hatanisamehe.

Nilimwambia baba siku ile ile niliporudi. Alizima redio. Kisha akasema, "Dada yangu alinificha hivi hivi," akasimama, akaitoa fimbo kwapani na kuitembelea mpaka jikoni. Mama alisema hiyo sufuria ubaki nayo, na kifuniko anakutumia.

Barua hii nimeichapa, lakini chini kabisa nimetia sahihi kwa kalamu ya mapokezi, ile ya kamba. Sikuuona mstari. Sijui kama imekaa juu yake au imeanguka. Nimebonyeza kwa nguvu zangu zote, na mkia nimeuvuta mpaka karatasi ilipoishia.

Igeuze.